Ndugu Mhariri, picha ya zamani inasimulika

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Mtwara mjini, gazeti lenu ananunua jirani yangu muuza chipsi na mi nalisoma haraka haraka kabla hajaanza kufungia watu mihogo, kwa hiyo nikikosea kitu mlichoandika mjue ukurasa huo ulishaondoka na kachumbari.

Naandika kwa sababu ya barua ya kijana mmoja mliyoitoa juzi kati, yule aliyesema wazee tunasifia picha za zamani, sinema namaanisha, kwa vile tu ndo tulizokulia, eti tunachokikumbuka sio picha ni utoto wetu, na kwamba za sasa zimezipita zile kwa kila kitu, sauti, rangi, mabomu, kila kitu. Sikukasirika. Kwanza nilicheka, maana hao "wazee" anaowataja ni sisi tuliozaliwa miaka ya 70, alafu nikanyamaza nikawa naifikiria ile barua wiki nzima huku nawawekea watu muvi kwenye flashi. Hiyo ndo kazi yangu. Nina kibanda Magomeni, kompyuta moja, hadidiski tatu, mteja analeta flashi yake anachagua, muvi moja mia tano, sizoni tunaelewana. (Najua wapo watakaoniandikia habari za hakimiliki. Hiyo ni barua nyingine, na nitaisoma, ikiwahi kabla ya mihogo.)

Sasa yule kijana angekaa na mimi kibandani siku tatu tu asingeandika vile. Wanaokuja kuniulizia picha za zamani sio wazee wenzangu. Wazee wenzangu wanataka taarabu na mawaidha. Wanaokuja ni madogo wa bodaboda, wamezaliwa 2003, mwaka ule ule daraja la Mkapa pale Rufiji lilipofunguliwa, dogo anapaki pikipiki anakwambia "mzee niwekee lile la Komando, lile anatokea amebeba gogo begani". Commando limetoka 1985. Dogo hakuwepo, mama yake mwenyewe alikuwa bado anachezea rede. Huyo anakumbuka utoto gani?

Nikamuuliza mmoja, we hilo picha umelijulia wapi? Akasema baba yake alimsimulia. Kipindi cha korosho, wanapulizia dawa mikorosho huko Nanyamba, mzee anafanya kazi huku anasimulia jinsi Komando anavyoingia kwenye kile kisiwa peke yake kumfata mwanae. Dogo kalibeba hilo picha kichwani miaka kumi kabla hajaliona. Hapo ndo nikapata jibu la kumjibu kijana wenu na jibu lenyewe ni fupi: picha ya zamani inasimulika. Nyingi za sasa hazisimuliki. Nieleze.

Mi nimekulia Mikindani. Wadogo hawajui, lakini Tanzania bara mpaka 1994 hakukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70 tena ya rangi, ila Zanzibar na Mikindani wapi na wapi. Kwa hiyo picha kwetu ilikuwa kibanda umiza. Makuti juu, makuti pembeni, mabenchi ya mbao za mwembe, tivii moja juu ya kabati, deki, na nje jenereta inanguruma mpaka maneno huyasikii, sio kwamba ungeyaelewa ungeyasikia maana ni Kihindi au Kichina. Kiingilio shilingi kumi. Mlangoni anakaa mwenyewe na fimbo ya mpera. Ndani jasho, watu wanatafuna ming'oko ya kuchemsha na korosho za kubanika, na mafuta yakiisha picha inakatika stelingi akiwa bado yuko hewani na teke lake, mnakaa gizani mnabishana kama litampata adui au halimpati mpaka mtu arudi na kidumu.

Hiyo shilingi kumi sikuwa nayo kila siku. Nilichokuwa nacho ni rafiki, mtoto wa mwenye kibanda, yeye anaingia bure. Jioni tunakaa chini ya mkorosho watoto kama nane hivi tuliokosa kiingilio, anatusimulia. Na hasimulii ovyo ovyo, anaanza "paukwa", tusipoitikia "pakawa" kwa sauti haendelei. Sauti ya bunduki anaitoa kwa mdomo, farasi anawapiga kwenye mapaja, mabusu anayaruka (alikuwa anaogopa bibi yake aliyekuwa anakuna nazi hapo karibu).

Sholay nimelisikia miaka miwili kabla sijaliona. Lile la 1975 la Ramesh Sippy, Amitabh Bachchan, Dharmendra, na yule jambazi Gabbar Singh aliyechezwa na Amjad Khan. Hebu nikusimulie kipande kimoja tu Mhariri uone. Vijana watatu wa Gabbar wametumwa kijijini kuchukua mazao, wakafukuzwa na watu wawili tu, wamerudi mikono mitupu. Gabbar anawauliza mlikuwa wangapi, wao walikuwa wangapi. Watu wawili wamewafukuza nyie watatu? Anachukua bastola ya risasi sita, anapiga tatu hewani, zimebaki tatu, watu watatu. Anaizungusha ile bastola ili hata yeye asijue risasi imekaa wapi. Anamwekea wa kwanza kichwani, anafyatua, hamna. Wa pili, hamna. Wa tatu, hamna. Kimya. Gabbar anaanza kucheka, wale watatu nao wanaanza kucheka wanajua wamepona, jeshi zima juu ya mawe linacheka, wewe mwenyewe unacheka. Akishacheka vya kutosha anageuka anawamaliza wote watatu.

Umeona? Sijatumia kompyuta, sijatumia sauti ya spika nane, nimekaa tu naandika kwenye simu na we umekiona kile kipande. Na ile sarafu ya Amitabh, kila wakibishana anarusha sarafu, na kila mara inaangukia upande wake, mpaka anakufa ndo mwenzie anaichukua mkononi anakuta pande zote mbili zinafanana. Mtoto wa miaka tisa ukimwambia hilo chini ya mkorosho haendi kulala. Na yule Thakur, mzee aliyewakodi Amitabh na Dharmendra wamkamate Gabbar, anachezwa na Sanjeev Kumar, amejifunika shuka muda wote kwa nini hashiki bunduki? Shuka ikianguka ndo unajua, hana mikono, Gabbar aliikata. Picha lina zaidi ya saa tatu lakini lina mahali pa kushika, kama kikapu chenye mikono. Pale Bombay jumba moja la sinema liitwalo Minerva lililionyesha zaidi ya miaka mitano mfululizo, nadhani wale walioingia walikuwa wanaenda kuhakikisha walichosimuliwa.

Nilivyokuja kuliona kwa macho nikagundua rafiki yangu alitudanganya sehemu mbili. Alisema treni ilipinduka, haipinduki. Na alisema Amitabh alipokufa mvua ilinyesha. Hainyeshi, kukavu kabisa. Lakini mpaka leo nikiliangalia mi naona inanyesha. (Alafu nimekuja kusoma ukubwani kwamba hata mwisho tuliouona sio aliotaka mwenye picha, yeye alitaka Thakur amuue Gabbar kwa miguu yake, bodi ya ukaguzi ya India ikakataa, mwaka ule walikuwa kwenye hali ya hatari, wakalazimisha polisi waje. Kwa hiyo hata serikali ya India ilimsimulia mtu picha yake mwenyewe upya, rafiki yangu hakuwa wa kwanza.)

Sasa tuje kwenye za sasa. Nina mpwa wangu anapenda sana hizi za mashujaa wa kuruka, nikamwambia haya nisimulie Avengers: Endgame, ile ya 2019. Akaanza vizuri. "Anko kuna jamaa anaitwa Thanos aliua nusu ya viumbe wote." Kwa nini? "Hiyo iko kwenye iliyopita." Haya, aliwaua na nini? "Na mawe, ila mawe yametoka kwenye zile nyingine." Huyu mwenye nyundo mbona amenenepa? "Anko we inabidi uanzie mwanzo." Mwanzo ni wapi? Nikaja kuhesabu, ile ni ya 22. Picha ya 22! Yaani ili mtu anisimulie moja inabidi nimkope muda wa kuangalia 21 kwanza, na bando la nani? Sisemi ni mbaya, watoto walilia na mi nimeona kwa macho yangu, ila kilio kile ni cha wenye mali, wa nje ya mlango huwezi kumpa hata chembe. Sisi wa chini ya mkorosho tungekufa njaa.

Nikajaribu kwa wavuvi. Nina kawaida ya kushuka Shangani asubuhi kununua samaki, ukifika kabla mashua hazijaingia kuna muda wa kupiga stori. Nikawasimulia Jaws ya Steven Spielberg, nayo ya 1975, mwaka ule Mungu aliwafungulia watu wa picha. Papa anakula watu kwenye mji wa pwani, meya hataki fukwe zifungwe kwa sababu ni msimu wa wageni na watu wanataka hela (hapo wavuvi wote walicheka, sijui walikuwa wanamfikiria nani), mwisho wanapanda mashua watu watatu, polisi anayeogopa maji, msomi, na mvuvi mzee aliyechanganyikiwa kidogo. Nikawaambia na papa mwenyewe humuoni. Zaidi ya saa nzima inapita hujamuona sawasawa, unaona maji, unaona mapipa ya njano waliyomchoma nayo yanakimbia juu ya bahari alafu yanazama. Mvuvi mmoja mtu mzima akasema "ndo yenyewe hiyo, papa humuoni, unaona chelezo kimezama". Huyo hajawahi kuingia kwenye picha lolote maisha yake, kaielewa kuliko mpwa wangu.

Na unajua kwa nini papa haonekani? Walitengeneza papa wa mitambo, hawakumjaribu kwenye maji ya chumvi, walipomshusha baharini akaharibika, kila siku fundi, kila siku fundi. Spielberg akawa hana papa, ikabidi amfiche, aonyeshe mapipa na apige ule muziki wa John Williams wa noti mbili. Umaskini wa kifaa ndo ulitengeneza picha. Leo papa angekuwa wa kompyuta, asiyeharibika, na angeonekana dakika ya tatu akiruka angani na helikopta mdomoni, nimeziona hizo nina folda zima.

Kuna kingine nimekiona kwenye kazi hii. Zamani mkanda wa filamu ulikuwa ghali, gurudumu moja la futi 1000 la milimita 35 linakupa kama dakika 11 tu basi, linaisha. Kwa hiyo mtu anapanga kabla hajabonyeza, kamera inakaa, inakuacha uangalie mtu anafikiria. Saivi kamera inarekodi mpaka betri ichoke, wanachukua kila upande wanaenda kukata kata mbele. Kuna profesa mmoja wa Marekani, David Bordwell, ameshafariki, alikuwa anakaa kuhesabu mikato: picha za Hollywood kuanzia miaka ya 30 mpaka ya 60 kila mkato ulikuwa kwa wastani sekunde 8 mpaka 11, kufika mwisho wa miaka ya 90 ikawa 3 mpaka 6. Mi sio profesa ila nimejaribu kibandani na picha la juzi juzi la ngumi, nahesabu moja, mbi... limeshabadilika. Mtu anapigwa ngumi moja kwa kamera nne. Ukimaliza huwezi kumwambia mtu nani alimpiga nani na wapi. Angalia Bruce Lee sasa, Enter the Dragon, 1973, alifariki tarehe 20 Julai mwaka ule na miaka yake 32, picha likatoka yeye yuko kaburini. Kamera imesimama, unaona mguu unatoka wapi na unafika wapi. Ndo maana kila mtoto wa Mikindani aliweza kuurudia ule mguu ufukweni kesho yake na kuvunja mkono. Mi nilivunja wa kushoto, na hospitali nilisema nimeanguka kwenye mnazi.

Na sio ngumi tu. Kinyozi wangu nimemsimulia 12 Angry Men, ya Sidney Lumet, 1957, nyeusi na nyeupe, dakika 96 na karibu zote ziko kwenye chumba kimoja, watu kumi na wawili mahakamani wanaamua kijana aliyeshtakiwa kuua auawe au aachiwe, kumi na moja wamesema auawe, mmoja tu amesema ngojeni kwanza tuongee. Nilivyofika pale ambapo anatoa kisu mfukoni kinachofanana kabisa na kile cha ushahidi, kinyozi akazima mashine. Mteja nusu kichwa kimenyolewa nusu bado, naye hakulalamika, akauliza "ehe, alafu?" Hilo neno "alafu" ndo kipimo changu mi, sina kingine. Mwenyewe huyo kinyozi ana tivii kubwa saluni, inapiga magari yanayoruka kutoka ghorofa hili kwenda lile asubuhi mpaka jioni na sijawahi kusikia mtu amesema alafu.

Mama yangu ndo kabisa. Yuko juu ya sabini na tano, Kiingereza hajui, miwani ameikalia. Nikamuwekea City Lights ya Charlie Chaplin, 1931. Sauti kwenye sinema ilishaanza tangu 1927 lakini yeye Chaplin akakataa, akaendelea na bubu. Yule dada kipofu anauza maua, anadhani huyu hohehahe, yaani Chaplin mwenyewe, ni tajiri. Ile sehemu yao ya kwanza kukutana aliipiga zaidi ya mara 300 mpaka akaridhika, mara 300! Bongo muvi wangekuwa wameshatoa part 6. Mwisho dada ameshapona macho, anamuona hohehahe njiani, anamcheka, anampa ua na hela, na akimshika mkono vidole vinamjua. Mama hakuhitaji DJ wa kutafsiri. Alisema tu "kamjua", akajifuta na khanga. Asubuhi nikamsikia anamsimulia jirani ukutani, na ameongeza mtoto, eti walizaa.

Sasa nisije nikaonekana natetea kila kilichooza. Za zamani za hovyo zilikuwepo na zilikuwa nyingi kuliko nzuri. Tumeangalia maninja kibandani pale ambayo hata mwenye kibanda aliona aibu, ninja anapotea kwenye moshi wa baruti ya watoto, anayepigwa anaanguka kabla hajaguswa. Hizo hakuna anayekuja kuniulizia. Zimekufa kwa sababu rafiki yangu alizikataa, alitoka kibandani akasema "leo hamna kitu" tukaenda kuokota mabibo. Kwa hiyo kijana wenu akisema wazee tunakumbuka nzuri tu, sawa, ni kweli, ila nani alizichuja? Zilichujwa na midomo ya watu. Ya leo bado haijachujwa, ndo inaingia kwenye flashi yote na pumba zake.

Na zipo za leo zitakazobaki, naweza kuweka dau. John Wick, 2014, jamaa wamemuibia gari wamemuua mbwa aliyeachiwa na marehemu mkewe, anaua mji mzima. Nilivyomsimulia shemeji yangu alisema "kwa ajili ya mbwa?" akataka aione usiku ule ule ili ahakikishe kama kweli ni mbwa. Parasite ya Bong Joon-ho, ile ya Korea ya 2019 iliyochukua Oscar ya picha bora, ya kwanza isiyo ya Kiingereza, mke wangu nimemsimulia mpaka pale kengele inalia usiku wa mvua kasema usiendelee na mlango kafunge. Hata hizi tamthilia za Kituruki zinazotiwa Kiswahili kwenye king'amuzi, wanaume tunazibeza lakini nenda saluni yoyote ya kina mama hapa Chikongola, kuna mwanamke mmoja umeme ulikatika kwake na wenzie wanamjazia kipande alichokosa neno kwa neno, mpaka vile sultani alivyogeuka. Chini ya mkorosho tupu, ila sasa kuna drai ya nywele.

Bongo muvi nazo nitasema kidogo tu maana naumia. Tulianza vizuri. Steven Kanumba alivyofariki Aprili 2012 ana miaka 28 tu, hapa Mtwara watu walikaa kimya kama msiba uko nyumba ya pili. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, alifariki Agosti 2018, na bado ukikaa kijiweni mtu atakuigizia Majuto mpaka shavu. Hao wanasimulika. Kilichotumaliza ni ile tamaa ya part one na part two, hadithi ya saa moja inavutwa iuzwe mara mbili, mtu anashuka kwenye gari dakika nne, anafungua geti, anafunga geti, simu inaita, anaiangalia. Nitamsimulia nini mtu hapo, geti?

Nimalizie na sababu hasa iliyonifanya nichukue simu, maana bila hiyo ningemwacha kijana na barua yake.

Mwaka jana kabla ya mvua alikuja mzee mmoja kibandani, wa Lindi, amekuja kwa binti yake Mtwara kwa ajili ya macho. Ana miaka themanini na kitu. Akamwambia kijana wangu anayenisaidia, "nitafutie picha ya Kawawa". Kijana akaingia YouTube akamletea hotuba. Mzee akasema sio hotuba, picha, sinema, Kawawa anaigiza. Kijana akacheka kwa adabu, akanigeukia kama vile mzee kachoka. Nikamwambia usicheke. Rashidi Mfaume Kawawa, Simba wa Vita, kabla hajawa waziri mkuu alikuwa mwigizaji, mwanzoni mwa miaka ya 50, enzi za mkoloni, alicheza kwenye sinema za Kiswahili zilizotengenezwa hapa hapa Tanganyika, mojawapo inaitwa Muhogo Mchungu, ya 1952. Kijana alikuwa hajui. Nilimuona anamwangalia yule mzee upya.

Mzee alikaa kwenye benchi langu akatusimulia. Gari la sinema limekuja Lindi, limefunga shuka nyeupe, watoto wamekaa mbele kwenye mchanga mpaka nyuma ya shuka wamejaa wanaangalia kinyume. Mtu wa shamba anaingia mjini, anashangaa kila kitu, na mji unamchezea. Alisimama kabisa, na macho yake yale hayaoni vizuri, akatembea kibandani kama yule mtu wa shamba anavyotembea mjini, mikono hivi, shingo hivi. Madogo wa bodaboda walizima pikipiki. Alisimulia kama nusu saa. Sijui ngapi ni za kwenye picha na ngapi ni zake, pengine na yeye kaongeza mvua.

Nimeitafuta. Mtandaoni nimekuta jina na mwaka, picha yenyewe sijaipata, nimeuliza wenzangu wa flashi mpaka Masasi na Dar, hakuna. Mzee ameshafanyiwa macho na yuko Lindi sasa, jicho moja linaona vizuri, na kila baada ya swala ya Ijumaa binti yake ananipigia, baba anauliza imepatikana?

Kwa hiyo Mhariri naomba uitoe hii barua, ukikata huku mwanzo sawa ila hapa usikate. Kama kuna msomaji yeyote mwenye hiyo picha, au anajua iko kwenye kabati gani, hata ukanda tu bila mashine, mashine tutatafuta, awaandikie nyie na nyie mnijulishe. Kulipa nitalipa. Na kama hakuna mwenye nayo basi yupo pengine mtu mzima mwingine aliyekaa kwenye mchanga siku hizo, Lindi au Kilwa au Nachingwea, aje anisimulie mwisho wake, maana mzee alipofika karibu na mwisho binti yake alikuja kumchukua wawahi hospitali.

Msomaji wenu,
mwenye kibanda cha flashi,
Magomeni, Mtwara.